Kilomita za Kioo

Niliingia kwenye kazi ya kupima faiba miaka ile mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam, 2009. Bara nako mitaro ilikuwa ikichimbwa kandokando ya barabara kuu, nami nikapangiwa Morogoro hadi Dodoma. Ndugu zangu walidhani napima kasi ya intaneti. Nilikuwa napima kioo.

Chombo chetu kilikuwa OTDR. Hurusha mipigo mifupi ya mwanga ndani ya uzi wa kioo, kisha hupokea ule hafifu unaorudi, na kwa muda uliopita hukokotoa umbali, maana ndani ya kioo mwanga huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Skrini huonyesha mstari unaoteremka taratibu: kwenye nanomita 1550 hupotea kama desibeli 0.2 kila kilomita. Hasara ikiwa kubwa kwenye 1550 na ndogo kwenye 1310, tulijua uzi umepindwa mno, mara nyingi ndani ya trei ya jointi, pale nyuzi zinapounganishwa.

Mara nyingine mstari hupanda kwenye kiungo, kana kwamba mwanga umeongezeka. Hauongezeki, ni nyuzi mbili zisizorudisha mwanga kwa kiwango kimoja. Ndiyo maana hupimwa kutoka pande zote mbili na kuchukua wastani. Wapo wakandarasi waliopima upande mmoja wakajaza fomu ya pande mbili. Ripoti zao zilikuwa nadhifu kuliko zetu.

Ugumu hasa ulikuwa kupata mahali palipokatika. OTDR hutaja urefu wa kioo, si wa barabara. Kila chemba ina mizunguko ya akiba, na ndani ya kebo nyuzi zimelegezwa, hivyo ni ndefu kuliko kebo yenyewe. Tulihesabu kutoka jointi ya karibu tunayoijua, tukafika Gairo au Kibaigwa, halafu tukauliza.

“Shikamoo mzee. Kuna kijiko kimechimba huku?”

“Marahaba. Jana, pale penye mwembe. Dereva alivuta kamba nyeusi akaifukia haraka.”

Kamba nyeusi ndiyo kebo yetu. Tukaunganisha uzi mmoja mmoja, bluu kwa bluu, chungwa kwa chungwa, mwenzangu akisubiri kituo cha pili na mashine yake. Jointi haikufukiwa mpaka namba zake zifike kwa simu.