Raskazone: Kimya Kingi na Fimbo ya Jirani

Ndugu msomaji, ukitoka katikati ya mji wa Tanga ukaishika barabara iendayo mashariki, bahari ikiwa mkono wako wa kushoto, utaipita hospitali ya Bombo, kisha utajiona umeingia mtaa wa namna nyingine. Kengele za baiskeli, ambazo ndizo muziki wa Tanga, hupungua. Nyumba zimekaa mbalimbali nyuma ya kuta na michongoma, na kati ya matawi waweza kuyaona maji ya ghuba na kisiwa cha Toten. Hii ndiyo Raskazone, rasi ya fukwe za kuogelea na upepo mwanana.

Je, mahali hapa pana usalama? Hilo ndilo swali la mgeni atafutaye chumba, la mama anayewaruhusu wanawe kwenda kuogelea, na la muuguzi amalizaye zamu usiku. Jibu la haraka ni kwamba mtaa umetulia. Lakini wahenga walitwambia kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Basi na tukichunguze kimya hiki kimetoka wapi.

Hakikuja chenyewe. Wakati wa ukoloni miji yetu ilikatwa mapande: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Raskazone ilikuwa makao ya wakubwa wa serikali na wenye mashamba ya mkonge, ilhali Mwafrika alipangiwa Ngamiani. Usalama wa siku hizo ulikuwa na maana moja tu: kumweka mwananchi mbali, isipokuwa amekuja kupika, kufua au kulinda. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majumba makubwa ya kupangisha nchini kote, na wapangaji wakabadilika. Hata hivyo kuta zilibaki, na fikra ya kwamba ukuta ndio usalama ikabaki pamoja nazo.

Rasi hii yenyewe ilikwisha kutoa funzo. Mnamo Novemba 1914 jeshi la Waingereza la watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, lilishuka hapa ili kuuteka mji. Wajerumani na askari wao wa Kiafrika, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, walikuwa kama 1,000 tu. Baada ya siku chache Waingereza walirudi merikebuni wakiwa wameshindwa, wameacha bunduki na risasi tele. Nyuki waliochokozwa katika mapigano hayo nao waliwauma vibaya. Walioshuka walikuwa na silaha nyingi, lakini hawakukijua kichaka walichokiingia. Nguvu bila kuyajua mazingira haimlindi mtu.

Sasa linganisha, msomaji, na Ngamiani, ambako barabara huitwa kwa namba. Huko nyumba zimeshikana na baraza zatazama njia. Mzee anakunywa kahawa, mama anakaanga mihogo, watoto wanacheza. Mtu mgeni akipita mara tatu huulizwa, "Mwenzetu, unamtafuta nani?" Ni swali la ukarimu, lakini pia ni ulinzi usiolipiwa hata senti. Katika mtaa wa kuta ndefu hakuna wa kuliuliza. Mwizi akisharuka ndani, ukuta uleule uliojengwa kumzuia humficha macho ya majirani.

Ndipo tunamtegemea mlinzi. Mara nyingi mtu huyu hulala mchana katika chumba cha kupanga mbali na hapo, na usiku hulinda mali ambayo mshahara wake wa miaka hauwezi kuinunua. Akicheleweshewa ujira miezi miwili, tumemwachia mtu mwenye njaa ufunguo wa ghala. Mwenye nyumba asiyejua hata jina la mtoto wa mlinzi wake hana ulinzi. Ana rungu na tochi tu.

Wengine hutaka takwimu. Ni jambo jema, ila zisomwe kwa busara. Daftari la polisi huandika yale yaliyopelekwa kituoni. Mtaa wenye watu wachache huonyesha matukio machache, na aliyeibiwa simu akanyamaza haonekani kabisa. Hofu nayo haina vipimo. Askari walipopambana na watu wenye silaha karibu na mapango ya Amboni Februari 2015, na watu wanane walipouawa kikatili Kibatini Mei 2016, Tanga nzima ilifunga milango mapema, hata mitaa iliyokuwa mbali na maafa hayo.

Basi tufanyeje? Tuliwahi kuwa na mashina ya nyumba kumi yaliyoanzishwa na TANU miaka ya 1960, ambamo balozi aliwajua watu wake kwa majina. Baada ya vyama vingi kurejea mwaka 1992, balozi alibaki kiongozi wa chama chake, na mtaa una mwenyekiti wake. Mfumo umebadilika, lakini haja ya kujuana haikubadilika. Fimbo ya mbali haiui nyoka: polisi watakuja, ila anayesikia kishindo cha kwanza ni jirani.

Wala kujuana kusigeuke kuwa ukatili. Ukelele wa "Mwizi!" umekwisha kuwaua watu wengi nchini mwetu, na baadhi yao hawakuiba kitu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 humruhusu raia kumkamata atendaye kosa kubwa mbele yake, lakini humtaka amfikishe polisi bila kukawia. Haimpi yeyote ruhusa ya tairi na petroli.

Ukija Raskazone, furahia bahari. Usitembee ufukweni peke yako giza likiisha kuingia, wala usiache mkoba mchangani uingiapo majini. Nawe mkazi, fyeka kichaka, washa taa ya njiani, mlipe mlinzi kwa wakati, umsindikize muuguzi hadi penye watu, na ubishe hodi kwa jirani kabla ya siku ya msiba. Taa moja ya barazani na salamu ya jioni humkosesha mwizi kile anachokitafuta kuliko vyote: mahali pasipo na mtu wa kumwuliza anakwenda wapi.