Wiki Ambayo Mama Hakupika

Mama aliteleza kwenye ngazi za nyumba yetu ya Kiponda, Mji Mkongwe, asubuhi ya Ijumaa, na kabla ya Alasiri mkono wake wa kushoto ulikuwa umekwisha kufungwa plasta. Tulimshukuru Mwenyezi Mungu kwamba haukuwa wa kulia, kwani angepata tabu hata ya kutia tonge mdomoni. Daktari alisema wiki sita. Jioni ile sisi wanawe tulikutana ukumbini tukakata shauri: kwa muda wa wiki nzima jiko la nyumba ile lisiwashwe. Tungemlisha Mama vya nje, vyote vile alivyozoea kutupikia, naye kazi yake iwe kunawa na kula tu. Mama alitusikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Haya.” Tulidhani amefurahi.

Jumamosi tulianza na urojo. Asiyeujua asidhani ni supu: ni mchuzi wa manjano wenye ukali wa ndimu na ukwaju, uliotiwa viazi, bajia, kachori na mishikaki, ukamwagiwa chatne ya nazi na pilipili, kisha ukafunikwa chipsi nyembamba za muhogo zinazotakiwa kuliwa upesi kabla hazijalowa. Tulisimama uchochoroni na mabakuli mikononi kama wanafunzi waliotoka chuoni. Mama alikula nusu. Baba aliumaliza wote, kisha akasema umezidi ukali.

Inafaa tuseme neno juu ya Baba. Ni mtu mwema, hakosi sala ya jamaa, wala hatujapata kumsikia akimpandishia Mama sauti. Lakini tangu tupate akili hatujamwona akila chakula bila ya kukitolea hukumu. Chumvi imepungua. Wali umekaza. Tui jepesi leo. Hakusema kwa hasira. Nadhani aliona ndiyo sehemu yake katika mapishi. Mama naye alikuwa na jibu moja, lile lile la “Haya,” na sisi tulikua tukiamini kwamba ndivyo watu wanavyozungumza wakati wa kula.

Jumapili usiku tulikwenda Forodhani, ambako tangu bustani itengenezwe upya mwaka 2009 wapishi wanapanga meza zao chini ya taa, na pweza na ngisi wanang’aa utadhani wamepakwa mafuta. Watoto walifurahi sana. Bei tuliiona ni ya wageni, na tuseme hapo basi.

Jumatatu ilikuwa siku ya maduka, nayo ndiyo tuliyoifurahia kupita zote. Soko la Darajani limesimama pale tangu mwaka 1904, na bado ukiingia asubuhi unaongozwa na pua: samaki upande huu, nyama ule, na mbele kidogo iliki, mdalasini na karafuu. Tulinunua mikate ya ajemi ingali ya moto. Halafu tukaingia duka la halua. Muuzaji, mzee mwenye kofia ya viua, alitueleza kwamba hakuna siri yoyote: ni uwanga, sukari, samli, iliki na zafarani; ugumu uko katika mkono, maana halua husongwa kwa saa nyingi bila ya kuachwa, na ukiipa kisogo kidogo inashika chini. Alitukatia vipande vya kuonja kwa kisu kirefu. Hata Baba hakuwa na la kusema. Tulipogeuka kumtafuta Mama hatukumwona. Tulimkuta duka la nafaka, anapimiwa kilo mbili za ngano iliyokobolewa. “Ya nini, Mama?” tulimuuliza. “Imenipendeza tu,” alijibu, na sisi tukambebea.

Jumanne mchana tulimpeleka kwenye mkahawa unaosifiwa kwa mchuzi wa samaki. Nguru alikuwa mzuri na wali ulinukia nazi kutoka mlangoni. Baba alionja, akamwita kijana aliyekuwa akituhudumia. “Mwanangu,” alimwambia kwa upole, “mchuzi huu hauna ndimu.”

Mama hakuinua macho kutoka kwenye sahani yake. Alisema, “Miaka thelathini na minane, wangu mie ulikuwa na ndimu nyingi.”

Tulicheka, halafu tukatazamana, kicheko kikakatika. Kijana wa watu alisimama na kibakuli cha ndimu mkononi asijue akiweke wapi. Sote tulifundishwa madrasa kwamba Mtume (s.a.w.) hakupata kukitia ila chakula: akikipenda hula, asipokipenda hukiacha. Tulilihifadhi, tukaulizwa, tukajibu vizuri, lakini hakuna aliyekuwa amelileta sinia lilipoandaliwa, sisi tukiwamo. Wakati wa kurudi, Baba, ambaye siku zote hutembea mbele, alisimama kwenye kona ya Mkunazini akamngoja Mama.

Jumatano baada ya Isha tulimkuta Mama jikoni, gizani, anafuta kwa mkono mmoja jiko lililokuwa safi tangu Ijumaa. Tulimwambia akapumzike.

“Mmenipumzisha, Mungu atakulipeni,” alisema. “Lakini siku tano nimekaa katika nyumba yangu kama mgeni anayengoja kuandaliwa. Mmenitembeza mji mzima mnaniuliza hiki kitamu, kile kitamu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza bokoboko langu linapikwaje.”

Kweli, hatukujua. Dada yetu mkubwa, mwenye watoto watatu, hakujua. Bokoboko ndilo chakula chetu cha Idi, tumelila tangu kabla ya kuota meno, na hakuna kati yetu aliyeweza kusema hata ngano inarowekwa kwa muda gani.

“Usiku kucha,” alisema Mama. “Kwa hiyo anzeni.”

Alhamisi alikaa kwenye kibao cha mbuzi katikati ya jiko, plasta magotini, akatoa amri. Ngano ilichemshwa na nyama hadi vyote vikalegea. Ikaja kazi ya kusonga kwa mwiko, na hapo tulikumbuka mkono wa yule mzee wa halua. Kaka yetu alichoka baada ya robo saa. Shemeji akapokea, naye akachoka. Baba, aliyekuwa amesimama mlangoni tangu mwanzo, alivua kanzu, akakunja mikono ya shati na kuushika mwiko. Jasho lilimtoka.

“Kumbe ndivyo unavyosonga kila Idi?” aliuliza.

“Wewe huwa uko msikitini,” Mama alimjibu.

Alisonga mpaka nyama isionekane kwenye ngano. Chumvi aliomba aitie mwenyewe, na Mama alimwachia. Tulipakua, tukachimba shimo katikati ya sinia, tukamimina samli na kutawanya vitunguu vilivyokaangwa, ambavyo nusu yake vilikuwa vimeungua. Tukasema bismillahi.

Baba alitia tonge la kwanza. Alitafuna polepole, akafumbua mdomo, akaufumba, akanyoosha mkono kuchukua gilasi ya maji.

“Sema tu,” Mama alimwambia.

“Chumvi,” alisema Baba, “imezidi.”

Mama alicheka hata ikabidi aishike plasta kwa mkono wa pili.