Nyumba za Taifa: Kutoka Makomeno Hadi Ankara

Mwaka jana, mijakaranda ilipoanza kutoa maua hapa Lubumbashi, niliwaongoza wanafunzi wangu kwa miguu kutoka Makomeno hadi katikati ya mji. Nilitaka wajifunze kuzisoma nyumba za serikali kama wanavyosoma vitabu.

Tulisimama mbele ya Jengo la 30 Juni. Mbelgiji Claude Strebelle ndiye aliyelichora, nalo lilijengwa kati ya 1953 na 1956 liwe jumba la michezo ya kuigiza, wakati mji ulipoitwa Elisabethville. Baadaye likapewa jina la siku ya uhuru wetu, likawa makao ya Bunge la Jimbo. Mtoto mmoja akauliza: “Mwalimu, nyumba hii ni yetu, au ni ya Wabelgiji?” Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, maana sikuwa na jibu.

Usiku ule niliwakumbuka Waturuki, kwa kuwa swali hilo liliwasumbua nao. Jamhuri yao ilitangazwa tarehe 29 Oktoba 1923, na Ankara, mji mdogo wa bara, ulikuwa umefanywa makao makuu mwezi huohuo. Zilihitajika nyumba za Bunge, benki, hoteli na makumbusho. Wasanifu kama Vedat Tek na Kemaleddin walizipamba kwa matao yaliyochongoka, vigae vya rangi na mapaa yenye kingo pana, mambo waliyoyatwaa katika majengo ya kale ya Waseljuki na Waothmani. Lakini chini ya mapambo hayo mlikuwa na zege na chuma, na vyumba vilipangwa kama vya Ulaya. Tena, jamhuri iliyochukua nafasi ya sultani yawezaje kuvaa joho lake?

Basi tangu mwaka 1927 serikali iliwaita Ernst Egli na Clemens Holzmeister kutoka Vienna, nao wakajenga nyumba za kuta nyofu, zisizo na urembo mwingi. Wengine wakanung'unika kwamba nyumba za namna hiyo zingeweza kusimama katika nchi yoyote. Mwaka 1934 mwalimu Sedad Hakkı Eldem alianzisha mafunzo mengine huko Istanbul: wanafunzi walikwenda kuzipima na kuzichora nyumba za zamani za watu. Walitazama jinsi ukumbi unavyounganisha vyumba, madirisha yanavyopangwa, na ukingo wa paa unavyotia kivuli. Hawakutafuta pambo la kubandika ukutani, bali akili ya mjenzi.

Sisi wa Katanga tunayo alama nzuri: msalaba wa shaba, ambao wahenga waliusubu na kuutumia kama fedha. Lakini serikali iliyojitenga na Kongo, 1960 hadi 1963, iliweka misalaba mitatu ya namna hiyo katika bendera yake. Hivyo alama ya mababu yaweza kutumiwa hata kuwatenga ndugu. Tusidhani kwamba tukiichora juu ya mlango, nyumba imekwisha kuwa ya taifa. Yafaa tuulize: Je, nyumba hii inalijua jua letu na mvua zetu? Je, mama aliyetoka kijijini atapata humo kivuli cha kungojea zamu yake?

Kesho yake nilimjibu yule mtoto: “Ramani ilikuwa ya Mbelgiji, lakini mikono ya babu zetu ilichanganya zege. Jina sasa ni letu. Itakuwa yetu kweli iwapo watakaoketi humo watasikiliza shida zetu.” Kisha nikawapa wote kazi: kila mmoja apime nyumba ya mkubwa wa ukoo wake, kabla haijabomolewa.

Yule mtoto alileta karatasi yenye mistari iliyopinda. Alikuwa amechora baraza ya bibi yake, upana hatua tatu, na chini yake ameandika: “Hapa ndipo jamaa husikilizia kesi. Kila mtu hupewa nafasi ya kusema.” Niliibandika darasani, karibu na picha ya Jengo la 30 Juni.