Papa, nani alishusha nivo?

Kama uko na ile mashini ndogo ya mchezo wa sataranji, ile ya pile, unajua: unafinya butoni ya nivo, halafu unachagua muda itakaofikiri. Nivo ya chini inajibu mbio na inakosea. Ya juu inafikiri dakika nzima, halafu inakufunga.

Mwana wangu alikuwa anashindwa kila siku, analia. Mangaribi moja, mbele ya kwenda kazi ya usiku mgodini, nikashusha nivo toka 5 mpaka 1 bila kumwambia. Kesho yake akashinda mara tatu! Siku ya Mungu, nyuma ya ibada, akajisifu kwa rafiki zake. Walicheza naye, wakamfunga wote.

Akaniuliza: «Papa, nani alishusha nivo?»

Nilitaka kusema pile zimechoka. Weye mzazi, ungejibu namna gani? Nikasema: «Ni mimi.»

Siku mbili hakunisemesha. Siku ya tatu akaweka yeye mwenyewe kwenye 3, akaniita nikae karibu. Alishindwa. Butoni ya kurudisha mchezo nyuma hakuigusa hata kidogo.