Majivu Chini ya Lami

Nilipomwambia mama kwa simu kwamba utafiti wangu wa shahada ya uzamili unahusu kujenga barabara kwa majivu, alicheka. Kwetu Mbinga majivu yana kazi zake: kusugulia sufuria, kuhifadhia maharage yasibunguliwe, kumwaga chooni. Barabara haimo.

Hapa India, ninakosoma, imo. Makaa ya mawe ya nchi hii yana majivu mengi, na mitambo ya umeme huyarundika kwenye mabwawa yanayomeza ardhi. Mwaka 2016 serikali ilipanua agizo la kuyatumia hadi kwenye miradi ya barabara iliyo ndani ya kilomita 300 kutoka mtambo. Jijini Delhi, tuta la kuingilia Daraja la Pili la Nizamuddin, kwenye bonde la mafuriko la mto Yamuna, limejazwa majivu. Ukipita juu yake huoni tofauti.

Kihandisi, nayapenda. Ni mepesi kuliko udongo, hivyo hayaielemei ardhi dhaifu. Yakichanganywa na chokaa na maji kisha yakashindiliwa, huzidi kuwa magumu siku hadi siku. Tena kila lori la majivu linaokoa lori la udongo ambao ungechimbwa shambani kwa mtu.

“Na mvua ikinyesha, mwanangu, maji yanayopita humo yanakwenda wapi?”

Swali hilo la mama limezaa sura nzima ya tasnifu yangu. Makaa yakiungua, arseniki na seleni hubaki ndani ya majivu. Ndiyo maana tuta hufunikwa udongo ubavuni na lami juu. Lakini lami hupasuka, na udongo usiotunzwa humomonyoka. Kuyaacha bwawani nako si usalama: tarehe 22 Desemba 2008, bwawa la majivu la Kingston, Tennessee, lilibomoka na kumwaga tope lake mtoni.

Nguvu ya mchanganyiko tunaipima kwa siku 28. Maji yanahitaji miaka, na barabara ikishazinduliwa mkandarasi anaondoka. Wilayani kwetu makaa yanachimbwa Ngaka, na barabara tunaitamani. Atakayekuja na wazo hili atapokelewa kwa vigelegele.

Kwa hiyo nimependekeza kila tuta la majivu liwe na visima vya kupimia maji kandokando, na fedha za kuvipima ziandikwe katika mkataba uleule wa ujenzi. Msimamizi wangu ameuliza ni kiasi gani. Wiki hii napiga hesabu.