Bastola Niliyomchagulia Mpwa Wangu

Nilimchagulia mpwa wangu bastola isiyomfaa. Alitaka ya kushindania shabaha, nikamshikisha ya kujilindia. Kosa ni langu. Aliniuliza kwa kuwa niliwahi kupita mgambo, na kwetu Hombolo aliyewahi kushika bunduki huhesabiwa kuwa anajua silaha zote. Bastola sikuijua. Sikumwambia.

Dukani alizipenda mbili. Moja nzito, ya mtutu mrefu, inayotumia risasi ndogo ya pointi 22. Nyingine fupi na nyepesi, ya milimita 9. Aliponigeukia akasema, "Mjomba, wewe ndiye unayejua," niliikamata ile fupi. Ya pointi 22 niliiona ya kuwindia kanga. Kichwani nilikuwa na mwizi wa usiku, si karatasi ya shabaha, na nilidhani wepesi utamsaidia mkono usichoke.

Mlengaji hupanga alama ya mbele ya bastola na ile ya nyuma ziwe sawa. Kwenye bastola fupi kama ile, umbali kati ya alama hizo mbili ni kama milimita 140. Ukikosea kuzipanga kwa milimita 1 tu, kwenye shabaha iliyo mita 25 risasi inapotoka karibu sentimita 18. Duara lote jeusi la shabaha hiyo lina kipenyo cha sentimita 20, na lile la alama 10 sentimita 5. Kanuni za ISSF, shirikisho la dunia la mchezo huu, zinaruhusu umbali huo ufike milimita 220, na hapo kosa lile lile linakuwa kama sentimita 11. Na uzito nilioukwepa ndio unaopunguza teke la risasi.

Matundu yalipotawanyika, nilimlaumu yeye. Kaza mkono. Acha uvivu.

Ndipo mwalimu mmoja uwanjani akachanganya kwenye magazini risasi bandia isiyo na baruti, bila kumwambia ni ya ngapi. Za kwanza zililia. Ile bandia haikulia, na kwa kuwa hapakuwa na mlio wala teke la kuficha kitu, sote tuliuona mtutu ukizama chini alipovuta triga. Alikuwa akilizuia teke kabla halijaja. Mwalimu akanipa mimi nijaribu. Mtutu wangu ulizama zaidi.

Nilinyamaza. Kijana niliyekuwa nikimwita mvivu alikuwa amejifunza kushtuka kutokana na silaha niliyomchagulia, na kila zoezi nililomhimiza lilikuwa likiukomaza mshtuko huo. Ningeuona mapema kama ningeshika bastola mwenyewe badala ya kusimama nyuma yake nikitoa amri.

Fedha za kuinunua zilikuwa za zabibu za kijana na mama yake. Leseni hutolewa kwa silaha yenye namba yake, kwa hiyo kubadilisha ni kuanza tena maombi, kutoka serikali ya mtaa na kata hadi polisi, na hii ya kwanza haiuzwi bila kibali. Mshtuko nao hautoki kwa kununua kitu kingine.

Nawe ukiulizwa, anza kwa kuuliza ni shindano gani. Mashindano ya Olimpiki ya mita 25 hutumia pointi 22. Mashindano ya IPSC, ambako mtu hukimbia na kulenga, na ambako Wakenya wanashiriki, kwa bastola hayakubali risasi ndogo kuliko ya milimita 9. Huko ile ya pointi 22 ingekuwa kosa pia. Lakini hata huko wengi hushika bastola kubwa na nzito. CZ Shadow 2, kwa mfano, inazidi kilo moja.

Nilimwomba radhi mbele ya mama yake, dada yangu, maana zabibu zile alizipalilia yeye pia. Sasa kijana anajifunza upya kwa risasi ndogo chini ya mwalimu yule, na hajajaza fomu yoyote mpya. Siku atakapochagua, atachagua mwenyewe. Gharama za maombi nitalipa mimi.