Gunia Mbele, Gunia Nyuma

Kafi nililishika Ubwari, upande wa Fizi huko Kongo, kabla sijajua kuandika jina langu. Ziwa Tanganyika lina urefu wa zaidi ya kilomita 650, na upepo wa kiangazi ukitoka kusini unapata uwanja mrefu wa kuinua maji. Mawimbi yake ni makubwa lakini yana nafasi katikati. Mtumbwi hupanda, hushuka, hujipanga tena. Baba alinifundisha kuyasoma.

Vita vya 1996 vilitutoa huko. Baada ya kuhangaika sana nikafika Nakivale nchini Uganda, makazi yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, ambayo sasa yana Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine. Nilipewa shamba. Jembe sikulipenda, nalo halikunipenda. Ziwa lilikuwa pale chini, limezungukwa na mafunjo, na wenye mitumbwi walitafuta watu wa kupiga kafi.

Mgeni hulidharau Ziwa Nakivale kwa kuwa kina chake ni mita chache tu. Kumbe maji ya kina kifupi ndiyo mabaya upepo ukikaza: mawimbi huja yamebanana, yamesimama wima, na pua ya mtumbwi haijamaliza kushuka hili, lile limeshafika.

Usiku nilivua ngege na kambale, mchana nikivusha watu na magunia ya mahindi. Katika kuvusha ndipo nilipoujua upepo wa ubavuni. Ukiwa peke yako umekaa nyuma, pua huinuka, inageuka tanga lisilo na mlingoti, na upepo unaisukuma kule unakoelekea wenyewe. Weka gunia zito mbele, mambo yanageuka: pua inazama na kushika maji, nyuma panateleza, na mtumbwi unageukia unakotoka upepo hata ukipiga kafi upande mmoja mpaka bega liume. Dawa si nguvu. Ni kusogeza gunia, au kusogea wewe, kidogo kidogo mpaka chombo kinyooke. Upepo ukitoka nyuma, uzito nao urudi nyuma, la sivyo pua itachimba wimbi na mtumbwi utalala ubavu. Abiria huona namsumbua nikimwambia mama mwenye mtoto ahame.

Samaki wetu huuzwa mpaka Mbarara, mwendo wa kilomita 60 hivi. Mto Rwizi unaokatiza mji huo ndio unaolisha maziwa ya huku kwetu, kwa hiyo maji ninayopigia kafi hupita Mbarara kwanza. Mpwa wangu hutengeneza simu pale mjini. Siku moja akaniambia, “Mjomba, tazama hawa,” akanionyesha video ya watu wa kayaki za baharini.

Niliitazama kwa jicho la kazi. Chombo hicho ni cha Wainuiti wa Greenland na nchi za jirani, ambao zamani walikivika ngozi ya sili. Kimefunikwa juu, mtu kaketi chini karibu na maji, upepo hauna pa kumshika. Kafi lina bapa pande mbili, na mengine mabapa yake yamepishana pembe ili lile la juu likate upepo wa mbele. Hata hivyo kayaki nyingi nazo hugeukia upepo zikiwa mwendoni, kwa sababu ileile: mbele panashika maji mapya, nyuma panateleza. Wenyewe hushusha pezi dogo chini ya sehemu ya nyuma ili pashike. Wengine huinamisha chombo upande wa upepo na kupiga kafi pana upande huohuo. Lile pezi nalitamani, kuinamisha, hapana. Mtumbwi wangu uko wazi juu, ukiinama unakunywa maji.

Ukija Nakivale miezi ya kiangazi, vuka asubuhi kabla upepo haujaamka, vaa jaketi la kuokolea, na mwenye mtumbwi akikwambia sogea mbele, sogea bila kubishana.